Kosa Lilikuwa Nyumbani Mwetu



Wasomaji wetu watukufu, kina mama na kina dada mnaotukaribisha majumbani mwenu kila wiki, leo twaleta jambo lililotufika hapa Migosi, Kisumu, nalo latulaumu sisi kabla ya kumlaumu mtu mwingine.

Tunaishi na mpwa wetu, binti aliyetoka Mombasa kuja kusomea mitandao ya kompyuta. Mamake hakuridhia awe akirudi peke yake kutoka chuoni baada ya Isha, basi tukakubaliana afanyie mazoezi nyumbani. Ana kompyuta mpakato moja tu. Lakini kwa programu ya VirtualBox, isiyolipiwa, ameweka ndani yake kompyuta pepe tatu. Hazishikiki kwa mkono, ila kila moja ina mfumo wake na hufanya kazi kama kompyuta kamili. Ni maabara nzima juu ya meza ya kulia chakula.

Jioni moja tulirudi kutoka msikitini, simu yetu ikashika waifai lakini intaneti haikupatikana. Mwenzetu wa nyumbani alikuwa na darsa la kina mama la kuendesha kwa simu baada ya Isha, na muda ulikuwa umekaribia. Tukaizima ruta na kuiwasha. Simu yake, ambayo hadi hapo ilikuwa ikifanya kazi, nayo ikakatika. Tukaghadhibika. Tukaipigia kampuni inayotuuzia intaneti na kumwambia kijana aliyepokea kwamba wao wala pesa za watu bila ya kuwapa haki yao. Akatujibu kwa upole kwamba laini yetu, kwa upande wao, ni salama. Hatukumsadiki.

Binti akaomba ruhusa atazame. Alianza na taa za ruta. Zilikuwa zikiwaka kama kawaida. Kisha akauliza: je, ni kifaa kimoja kilichokatika au vyote? Kompyuta yake, iliyofungwa kwa waya kwenye ruta na kuwekewa anwani kwa mkono, ilikuwa ikifika nje, aliita 8.8.8.8 na jibu likarudi. Basi laini ilikuwa hai, na kijana yule alisema kweli. Mwisho akafungua simu yetu kuangalia anwani yake ya IP. Ruta yetu hugawa anwani zinazoanza kwa 192.168.1, na simu ilikuwa na inayoanza kwa 192.168.50.

Hapo akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, kosa ni langu."

Alasiri ile alikuwa akijifunza kuifanya kompyuta pepe moja iwe seva ya kugawa anwani. Mgawaji wa anwani ni kama mpokezi wa wageni arusini, anayemwonyesha kila aingiaye mahali pa kukaa. Wakisimama wapokezi wawili mlangoni, mgeni humfuata aliyetangulia kusema. Seva ile ilikuwa imeunganishwa kwa njia ya daraja, kwa hivyo ilionekana katika mtandao wa nyumba kama kifaa chochote kingine. Simu yetu iliporudi nyumbani iliomba anwani, seva ikawahi kuijibu, tena ikaiambia kwamba njia ya kutokea nje ni kupitia kwake. Na yeye mwenyewe hakuwa na njia. Simu ya mwenzetu ilikuwa na anwani yake ya zamani, mpaka sisi tulipoizima ruta na kuilazimisha kuomba upya.

Aliihamishia seva ile katika mtandao wa ndani, tukazima waifai ya simu na kuiwasha, na mambo yakatengenea. Darsa lilichelewa, lakini lilisomwa.

Kwa wenye vijana wanaosomea fani hii, haya matatu yawafae. Njia ya NAT huiwezesha kompyuta pepe kutoka nje kwa kupitia mwenyeji wake. Ukiona katika VirtualBox anwani ya 10.0.2.15, usishtuke, ndiyo desturi yake. Njia ya daraja huiingiza katika mtandao wa nyumba nzima. Mtandao wa ndani huziacha kompyuta pepe zizungumze zenyewe kwa zenyewe, na hapo ndipo mahali pa kujaribia seva ya kugawa anwani. Tena, kifaa kikionyesha anwani inayoanza kwa 169.254, maana yake kiliomba na hakikujibiwa. Na ikiwa nambari kama ile 8.8.8.8 yajibu lakini majina ya tovuti hayafunguki, tatizo li katika DNS, yaani huduma inayogeuza majina kuwa nambari.

Hatuwafichi: maneno ya kwanza yaliyotujia ulimini ni "basi, mchezo huu ukome." Tukayameza. Binti huyu angeweza kuizima seva kimya kimya, nasi tungeendelea kuilaumu kampuni mpaka leo. Mtoto akiadhibiwa kwa kusema kweli, siku ya pili atajifunza kuficha. Na tungemfungia maabara yake, tungekuwa tumemrudisha katika njia ya usiku ambayo mamake aliikhofu.

Aya ya 6 ya Surat Al-Hujurat yatuamrisha kuhakikisha kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Tumeisomesha aya hiyo miaka mingi, na jioni ile mwanafunzi wetu ndiye aliyeitenda, si sisi.

Kulipokucha tulipiga simu tena kumtaka radhi yule kijana. Aliyepokea alikuwa mwingine, na wa jana hatukuwa tumemuuliza hata jina lake. Tuliacha salamu zetu, wala hatujui kama zilimfikia. Neno likishatoka halina kitufe cha kulizima na kuliwasha upya.

Wabillahi tawfiq.