RAM haijafa, imekimbizwa mno

Nilikuwa Mlali, huku Kongwa, na kompyuta ikanitia adabu.

Nilisasisha bayosi bila sababu ya maana (umeme ungekatika katikati, ubao mkuu wote ungeweza kufa!). Tangu hapo mashine ikawa inajizima ovyo, na rekodi mbili za wakulima wa alizeti nilizonakili zikagoma kufunguka. Fundi akatoa hukumu kwa simu: RAM imekufa, nunua nyingine.

Nikamkatalia. Viwango vya JEDEC kwa DDR4 vinaishia 3200, kwa volti 1.2. Zangu zimeandikwa 3600, na kasi hiyo unaipata ukiwasha XMP kwa volti 1.35, yaani unazikimbiza kupita kiwango. Bayosi mpya inaweza kubadili jinsi ubao unavyoongea na RAM, na kilichosimama jana kwa bahati kikaanguka leo. Nikazima XMP, zikashuka hadi 2133, nikaziachia Memtest86+ usiku kucha: kosa hata moja hakuna. Nikaiwasha tena, makosa yakamwagika. Sasa nimezipanga 3200 na zimetulia.

Wauzaji wanatuandikia 3600 kwa herufi kubwa kana kwamba ni ahadi. Si ahadi hiyo jamani, ni bahati nasibu!

Rekodi moja ilikuwa bado kwenye kinasa sauti. Ya pili nilishaifuta. Kesho namrudia yule mama, nimwombe aanze upya.