Eti Garsen Isasishe Tu

Watengenezaji wa tovuti hurudia kuandika kwamba kivinjari kilichopitwa na wakati si mzigo wao: ambaye menyu yake imevurugika asasishe, maana ni bure na ni salama zaidi.

Usalama, sawa. Hilo la bure ndilo kichekesho. Kompyuta ya Windows 7 kwenye saiba ya Garsen, mji wa kaunti ya Tana River nchini Kenya, huishia Chrome 109, toleo la 2023. Simu ya Android 7 huishia 119. Hapo kusasisha maana yake ni kununua mashine mpya. Bure ya nani?

Tena kivinjari husingiziwa. Menyu inayongoja kupitishiwa kipanya itafungukaje kwenye simu isiyo na kipanya?

Chukua orodha ya kaunti 47 za Kenya iliyorembwa kwa JavaScript, ikakatwa ukingoni mwa skrini na isisogee. Kialfabeti, Tana River ni ya 40. Orodha ikikomea Nakuru, mkazi wa Garsen ahamie huko?

Dawa ni elementi ya kawaida ya HTML, select, ambayo kivinjari hujichorea chenyewe. Internet Explorer 6 ya 2001 iliijua. Anayedai ni kazi nzito aonyeshe uzito huo uko mstari gani.