Saa ya kutoka kazini nayo iheshimiwe

NYUMBA NA KAZI | Na Mwanaidi Shekalaghe

Machi 2023, Serikali ilisitisha kwa waraka huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Hoja ilikuwa kwamba mtoto wa umri huo anahitaji kulelewa na wazazi wake na kuizoea familia yake. Niliunga mkono uamuzi ule na bado nauunga mkono. Lakini malalamiko ya baadhi ya wazazi yalinigusa kuliko hoja za wenye shule. Hawakuwa wakidai kwamba bweni ni bora kuliko nyumbani. Walichosema ni kwamba nyumbani hakuna mtu: baba yuko kazini, mama yuko kazini, na wote wawili wakirudi wanamkuta mtoto amelala.

Waraka ulimrudisha mtoto nyumbani. Mzazi wake hakuna aliyemrudisha.

Tupige hesabu ya siku moja ya mzazi huyo hapa Dar es Salaam. Anaishi Chanika, Chamazi au Bunju, kwa sababu huko ndiko kiwanja au chumba kinapatikana kwa uwezo wake. Kazi iko Posta, Kariakoo au Barabara ya Nyerere. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu saa tisa za kazi kwa siku na saa 45 kwa wiki, mbali na saa moja ya mapumziko. Kwa anayefanya kazi siku tano, hizo ni saa kumi ndani ya geti la mwajiri. Akiingia saa mbili asubuhi, anatoka saa kumi na mbili jioni. Mpe saa mbili za daladala na foleni kwenda, na mbili za kurudi. Amebisha hodi kwake saa mbili usiku, na mtoto analala saa tatu. Kesho yake gari la shule linapiga honi kabla hakujakucha vizuri.

Saa moja, basi, na ndani yake kuna kuoga, kula, kukagua daftari la hesabu na kuuliza ile homa ya jana imefikia wapi. Na hapa nimezungumzia mwajiri anayefuata sheria. Sijamgusa yule anayemwambia mtu saa kumi na moja jioni, “malizia hii kidogo kabla hujaondoka.”

Katika ofisi nyingi, hasa za umma na shuleni, asubuhi kuna daftari la mahudhurio. Saa ya kuripoti ikifika, mkubwa anapiga mstari mwekundu. Aliyechelewa anasaini chini ya mstari, na siku ya siku ataulizwa. Kwingine daftari limebadilishwa kwa mashine ya alama za vidole, lakini shabaha ni ileile. Sina ugomvi na utaratibu huo, kwa kuwa kuchelewa kazini ni kumdhulumu mwajiri muda aliokwishaulipia. Ninachouliza ni kwa nini jioni hakuna mstari. Mkataba umeandika saa ya kuingia na saa ya kutoka kwa wino mmoja, lakini ya kwanza ndiyo inayolindwa. Anayeondoka saa yake ikitimia huitwa mvivu au asiye na moyo wa kazi. Anayebaki hadi taa za barabarani ziwake husifiwa kwenye kikao, na mwanawe hakuna anayemkumbuka.

Sheria yetu haikuliacha jambo hili hewani. Saa za ziada lazima zitokane na makubaliano, zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Kati ya kumaliza kazi leo na kuianza kesho, mfanyakazi anastahili mapumziko ya saa 12 mfululizo. Toa humo saa nne za njiani, uone kinachobaki kwa usingizi, ndoa na watoto.

Wapo wanaomjibu mzazi huyu kwa methali ya njia mbili zilizomshinda fisi: achague kazi au achague nyumba. Mimi naona hana njia mbili. Anakwenda kazini kwa ajili ya ada, kodi na unga wa nyumba hiyohiyo, na mwili anaokwenda nao ni ule uliolala, au uliokesha, katika nyumba hiyohiyo. Mwaka 1985 wataalamu wawili wa Marekani, Jeffrey Greenhaus na Nicholas Beutell, waliandika kwamba mgongano wa kazi na familia huja kwa milango mitatu: muda, msongo na tabia. Muda nimeuhesabu. Msongo ni ule unaomfanya baba aliyefokewa na bosi mchana amfokee mkewe usiku kwa sababu ya chumvi. Tabia ni pale mtu aliyezoea kuamrisha kazini anapoingia sebuleni na kuendelea kuamrisha, mpaka watoto wakisikia hodi yake wanahamia chumbani.

Milango hiyo hupitika pande zote mbili. Muuguzi wa zamu ya usiku aliyemwacha mtoto anatapika anahesabu matone ya dripu ya mgonjwa huku macho yako kwenye simu. Dereva aliyetoka kwenye ugomvi wa nyumbani bila kulala ameshika usukani wa basi lenye roho za watu. Karani anayeshinda na wasiwasi wa mtoto aliyebaki peke yake anakosea tarakimu, na kazi inarudiwa. Mwajiri anayedhani amejipatia saa mbili za bure jana jioni analipa leo kwa makosa, ruhusa za ghafla na watu wanaoacha kazi wakiwa ndio kwanza wameiva.

Wapo pia wanaolipa kwa uhai. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba mwaka 2016 watu 745,000 walifariki duniani kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo uliohusishwa na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Kila mmoja wa hao alikuwa mtu wa nyumba fulani.

Niseme pia juu ya simu, kwani siku hizi ofisi inalala nasi kitandani. Grupu la kazi la WhatsApp linalia saa nne usiku: “Wapendwa, naomba ile ripoti.” Asiyejibu anaonekana amedharau. Ufaransa, tangu Januari 2017, sheria inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi kujadiliana nao juu ya haki ya kutoshughulika na ujumbe wa kazi nje ya saa za kazi. Sisi hatuhitaji kusubiri Bunge kwa hilo. Meneja anaweza kuandika ujumbe wake usiku akautuma asubuhi.

Kwa familia nyingi za mjini pengo la wazazi linazibwa na dada wa kazi. Ndiye anayemwogesha mtoto, anayejua hapendi uji wa ulezi, anayesikia neno lake la kwanza. Naye ni mfanyakazi, na sheria ile ya mwaka 2004 haikumwacha nje. Ana saa zake, ana siku yake ya mapumziko, na mara nyingi ana mama kijijini, pengine hata mtoto aliyemwachia bibi. Hatuwezi kulalamika kwamba waajiri wetu wanakula muda wa familia zetu, kisha tumwamshe binti wa watu saa kumi alfajiri na kumruhusu kulala saa tano usiku, Jumapili hadi Jumapili. Haki tunayoidai mlangoni kwa mwajiri tuianzie jikoni kwetu.

Kuna siku ambazo mvutano huu unauma zaidi, nazo ni siku za kuzaliwa mtoto. Bibi zetu walimwekea mzazi arobaini: alikandwa kwa maji ya moto, akapikiwa, akapokezwa mtoto, na majirani wakashika kazi zake. Leo sheria inampa mama likizo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Marekebisho ya mwaka 2025 yamemfikiria na mama wa mtoto njiti, na hilo ni la kushukuru. Lakini Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataja wiki 14, yaani siku 98. Baba kwetu ana siku tatu. Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2007, baba ana wiki mbili. Siku tatu zinatosha kumtoa mama hospitali na kununua beseni. Hazimfundishi mwanamume kumbeba mwanawe, na anayekosa kuanza mapema hubaki mgeni kwa mtoto huyo miaka mingi.

Akirudi kazini, mama anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Ila mtoto yuko Chanika na mama yuko Posta. Ruhusa hiyo itakuwa na maana pale tu atakapoachiwa kuondoka saa mbili mapema, au atakapopewa chumba safi chenye faragha na jokofu la kuhifadhia maziwa. Kenya tayari, kupitia Sheria ya Afya ya mwaka 2017, inawataka waajiri kuweka vyumba vya kunyonyeshea.

Najua Watanzania wengi hawana bosi wala daftari. Mama lishe anawasha moto saa kumi alfajiri, na mwenye bodaboda anajiajiri mpaka usingizi umshinde. Kwao dawa ni nyingine: kituo cha kulelea watoto mchana karibu na soko, chenye walezi waliofunzwa na ada inayolipika kwa mauzo ya siku. Serikali ilizindua mwaka 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Halmashauri zinazokusanya ushuru sokoni kila siku zianze kuitekeleza hapohapo sokoni, kwa sababu wazazi wako pale na watoto wao wamelala chini ya meza za nyanya.

Waajiri wataniambia kazi haziishi na ushindani ni mkali. Nakubali. Lakini kazi isiyoisha ndani ya saa tisa kila siku inahitaji mtu wa pili au mpango bora. Si halali gharama yake kubebwa na mtoto wa darasa la pili.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Maofisa kazi wanaokagua mikataba wakague na saa za kutoka. Vyama vya wafanyakazi, vinapokwenda mezani kudai nyongeza ya mshahara, vidai na siku za baba kwa uzito uleule. Na mkuu wa idara, saa ya kufunga ikitimia, awe wa kwanza kuondoka, ili aliye chini yake asiogope kunyanyuka. La tatu halihitaji bajeti wala sheria mpya, na linaweza kuanza leo jioni.