Historia ya Upare isiishie kwenye vijitabu vya jubilei

Parokia ikikaribia kutimiza miaka 50 au 75, kwanza huundwa kamati, kisha huchapwa kijitabu. Wengi wetu tunavyo nyumbani, vimewekwa pamoja na Biblia na kitabu cha nyimbo. Ndani kuna salamu za Baba Askofu, ujumbe wa Paroko, orodha ya mapadre waliohudumu, mwaka kanisa lilipoezekwa bati, idadi ya vigango, majina ya wafadhili, na picha ya kwaya katika sare mpya. Hatuvibezi vijitabu hivyo. Bila hivyo hata hayo machache yangepotea. Lakini msomaji akifika ukurasa wa mwisho bado hajui watu wa pale walikuwa akina nani kabla padre wa kwanza hajapanda mlima, maji ya mashamba yao yalitoka wapi na kwa zamu ya nani, ukoo gani ulihama na kwa nini, wala bibi zao walifanya nini Serikali ya mkoloni ilipokuja kukadiria mali za watu.

Sisi wa seminarini tunasema kwamba kuiandika historia hiyo ni kazi ya parokia, na kwa hiyo ni kazi yetu. Tena ni kazi ya sasa. Wanaoijua wanazikwa kila mwezi, na sisi ndio tunaowazika.

Si kwamba Upare haujaandikwa kabisa. Mchungaji Dannholz wa misheni ya Kilutheri ya Leipzig, aliyefanya kazi Mbaga, aliandika kwa Kijerumani kitabu kizima juu ya imani za Wapare. Ernst Kotz wa Waadventista, ambao walifika Mamba Giti mwaka 1903, alichapa sarufi ya Chasu mwaka 1909 na baadaye kitabu kuhusu maisha ya watu. Wote wawili walisikiliza kwa makini, ingawa vichwa vya vitabu vyao vinatuonyesha tukiwa tumefungwa, kwa mmoja na imani ya mizimu, kwa mwingine na hofu. Kisha akaja mwana wa Upare mwenyewe, Isaria Kimambo. Katika miaka ya 1960 alizunguka milima hii akiwahoji wazee ukoo kwa ukoo, na mwaka 1969 kikatoka kitabu chake cha historia ya kisiasa ya Wapare kuanzia karibu mwaka 1500 hadi 1900. Mwaka 1971 akatoa kingine kifupi juu ya Mbiru, na mwaka 1991 kingine tena, juu ya jinsi uchumi wa dunia ulivyoingia Upare. Hakuna aliyetufanyia kazi kubwa kuliko hiyo. Ila aliiandika kwa Kiingereza, na wanaoisoma zaidi ni watu wa vyuo vikuu. Mtoto wa Hedaru au Chome anaweza kumaliza kidato cha nne akiijua vizuri Vita ya Maji Maji bila kuwahi kusikia neno Mbiru.

Na neno hilo si la kulisikia kwa kupita tu. Nchi nzima inatujua kwa kichekesho kile kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Tunacheka pamoja nao, hakuna ubaya. Lakini wanaotucheka wangejua habari za mwaka 1945 wangecheka kwa adabu kidogo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Serikali ya Waingereza ilileta Upare kodi ya kupimwa kwa mali ya mtu, juu ya kodi ya kichwa iliyokuwapo. Wakaiita mbiru, jina lililochotwa kwenye ushuru wa zamani wa machifu, ili kitu kigeni kionekane cha kienyeji. Watu hawakukataa kodi. Walikataa kuingiliwa majumbani na kukadiriwa, huyu hivi na yule vile, kwa kipimo ambacho hakuna aliyekielewa. Mapema mwaka 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka milima ya Upare Kusini hadi Same, makao ya wilaya, wakapiga kambi wakidai kusikilizwa. Hawakuchoma nyumba wala kumwaga damu. Waliandika malalamiko, wakayapeleka ngazi za juu, wakarudi tena. Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi nao wakajitokeza mbele ya maofisa kudai shauri liishe, kwa kuwa ndio waliobaki na mashamba, watoto na njaa. Mwishowe kodi ile ikaachwa. Hiyo ndiyo kesi ya kuku.

Sasa tujiulize. Watu wale walilala wapi pale Same? Nani aliwapikia? Makatekista wa wakati ule walisimama upande gani, na mapadre walisema nini Dominika ile? Kimambo hakuweza kuuliza kila kijiji maswali hayo, na wala haikuwa kazi yake. Yanaweza kuulizwa na mtu wa parokia peke yake, anayejua nyumba ipi ni ya mjukuu wa nani.

Hapa tunaomba tuvuke bahari kidogo. Mwaka 1899 Waingereza walianza mradi wa kuandika historia ya kila kaunti ya nchi yao, wakauita kwa jina la Malkia Victoria aliyekuwa bado hai. Mpaka leo haujaisha. Juzuu zinaendelea kutoka, kaunti kwa kaunti, na ndani ya kaunti parokia kwa parokia. Nani alimiliki shamba lipi, kinu cha kusaga kilikuwa wapi, kanisa lilijengwa na fundi yupi, maskini walisaidiwaje. Kazi hiyo hufanywa na wanahistoria pamoja na wenyeji wa kujitolea, wastaafu wengi wakiwamo. Hatusemi tuige kila wanachofanya. Tumevutiwa na jambo moja. Wao wanaandika historia ya mahali. Sisi tumezoea historia ya kabila, au ya ukoo, au ya dhehebu.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Historia ya kabila inauliza nani ni Mpare halisi. Historia ya mahali inauliza nani wameishi hapa, na Same wameishi wengi. Mji wenyewe umekua kutokana na reli ya Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911; kabla ya hapo makazi makubwa yalikuwa juu milimani. Mashamba ya mkonge ya tambarare yalileta manamba kutoka mbali, na wajukuu wao tunakaa nao benchi moja kanisani. Wafugaji wa Kimaasai na Waparakuyo wana kumbukumbu zao za Mkomazi, iliyotengwa kuwa pori la akiba mwaka 1951 na sasa ni hifadhi ya taifa. Kuna Wagweno, ambao lugha yao iko karibu zaidi na Kichaga kuliko Chasu. Kuna Waislamu, Walutheri na Waadventista, ambao katika kata nyingi ni wengi kuliko sisi. Kitabu kinachowaacha hao wote kitakuwa kitabu cha familia.

Na parokia, kwa Sheria za Kanisa, kwa kawaida ni ya eneo. Kanuni ya 518 inasema hivyo: inawakusanya waamini wote wa mahali fulani, bila kuuliza ukoo. Ndiyo maana tunaona inafaa kazi hii kuliko chama cha ukoo chochote.

Parokia ina kitu kingine ambacho ofisi ya kijiji mara nyingi haina, nacho ni madaftari. Mtaguso wa Trento mwaka 1563 uliagiza maparoko waweke kitabu cha ndoa na waandike majina ya wasimamizi wa ubatizo. Uingereza walikuwa wametangulia kwa amri ya mwaka 1538. Waandikaji wa siku hizo hawakufikiria historia hata kidogo. Walitaka kujua nani amemwoa nani. Lakini mwaka 1981 watafiti wa Cambridge walitumia madaftari ya parokia 404 kukadiria idadi ya watu wa Uingereza kwa zaidi ya miaka 300, ikiwa ni pamoja na miaka ya njaa na ya maradhi. Daftari letu la ubatizo lina jina la mtoto, wazazi, wasimamizi, kijiji, tarehe, na pembeni ndoa yake. Ukilisoma mfululizo utaona majina ya Chasu yakipungua, utaona mwaka ambao watu wa kijiji fulani walihamia bondeni, utaona ndoa za Mkatoliki na Mlutheri zikianza kuwa jambo la kawaida.

Madaftari hayo yako wapi? Katika parokia moja, ambayo jina lake tutalihifadhi, tuliyakuta ya zamani kabisa katika chumba cha nyuma pamoja na makopo ya rangi, na mchwa walishaanza na jalada. Hakuna aliyefanya kwa makusudi. Ni kwamba cheti cha ubatizo kinaombwa na wanaotaka kufunga ndoa, na wa mwaka 1930 hawafungi ndoa tena. Lakini Kanuni ya 535 inamtaka paroko ayatunze hata ya zamani, na ya 491 inataka jimbo liwe na hifadhi ya nyaraka za historia. Mwaka 1997 Vatikani ilitoa barua nzima juu ya kazi ya kichungaji ya hifadhi hizo. Jimbo letu si la zamani sana: lilianza kama eneo la kitume mwaka 1963 na kuwa jimbo kamili mwaka 1977. Ni rahisi kukusanya ya miaka 60 kuliko ya miaka 400. Tahadhari moja tu: daftari lina siri za watu, mtoto asiyeandikwa baba, ndoa iliyovunjika. Lisipigwe picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la kigango.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wasomi, watu wana shida ya maji. Tuzungumzie maji basi. Upare Kusini una ndiva, malambo yaliyochimbwa na wazee wetu: mfereji unaleta maji ya kijito, ndiva inajaa usiku, asubuhi inafunguliwa na mashamba yanapata kwa zamu. Kule Bangalala, katika bonde la Makanya, ipo ndiva ya Manoo inayofahamika hata kwa watafiti wa Ulaya. Baadhi ya ndiva zimejengewa saruji na miradi. Saruji ilikuja na bango la mfadhili. Makubaliano ya zamani kati ya wa juu na wa chini, nani achukue usiku na nani mchana, mengi hayajaandikwa popote. Yako vichwani mwa wazee wachache. Mzee akifa, anayebaki na sauti ni mwenye pampu. Padre ataitwa kusuluhisha, naye atakuwa ametoka jimbo lingine na hajui lolote. Tunaposema historia ina faida, tunamaanisha vitu vya namna hii.

Kuna sehemu ambazo hata sisi tunasita. Mpungi, msitu mtakatifu wa ukoo, na mshitu wa jando: je, mseminari aende kuuliza? Tunasema aende. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya umisionari, namba 11, inawataka Wakristo wazifahamu mila na dini za watu wao na kuzitambua kwa heshima mbegu za Neno zilizofichika humo. Huwezi kuitambua mbegu usiyotaka kuitazama. Kule Mbaga wageni huonyeshwa jiwe la Malameni na kusimuliwa habari za watoto waliotolewa sadaka. Hadithi hiyo imebaki kwa sababu ina soko. Mengine ya mahali palepale, yasiyoshtua mtalii, hayana msimulizi.

Anayeuliza awe mwangalifu pia na anayemjibu. Masimulizi ya Ugweno yanasema Washana, wahunzi wa chuma, walitawala mpaka Wasuya walipowapindua. Tumezoea kuisikia kwa mdomo wa washindi. Tungependa kuisikia nyumbani kwa Washana, hata kama wapo wanaoogopa laana ya mhunzi mpaka leo. Na mzee akianza kusema ukoo wake ulifika kwanza, mwandishi ajue kwamba huenda kuna shauri la shamba linaloendelea barazani. Aandike alichoambiwa, na nani alimwambia, na tarehe, asiandike hukumu. Mwinjili Luka anaanza kwa kutueleza kwamba alichunguza kwa makini tangu mwanzo yale yaliyopokewa kutoka kwa walioshuhudia. Hatuombi zaidi ya hapo.

Hatuhitaji mfadhili ili tuanze. Likizo ya Desemba kila mseminari anarudi kigangoni kwake na daftari, na wengi wana simu inayorekodi sauti. Aombe ruhusa kwa Paroko na kwa mzee mwenyewe, aulize kwa Chasu kama anakijua, na kama hakijui aende na mama wa WAWATA anayekijua. Nakala moja ibaki parokiani, nyingine ije maktaba ya seminari.

Aanze na walio wakubwa zaidi. Aliyekuwa na miaka 8 alipomwona baba yake akishuka kwenda Same mwaka 1945 sasa anakaribia 90. Jumuiya yake inamjua, kwa kuwa ndiye anayepelekewa Komunyo nyumbani Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Frateri anayefuatana na padre siku hiyo anaweza kubaki nusu saa baada ya sala, wakati chai inachemka.