Diski ya Nne: Iwe ya Nafasi au ya Nakala?



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, leo tuzungumzie jambo ambalo wengi hudhani ni la mafundi peke yao: kutunza picha, video na maandishi ya familia, na la kufanya pale sehemu ya kutunzia inapojaa.

Nyumbani kwetu Kanama tuna kompyuta kuukuu tuliyoifanya seva ya familia. Ndani yake mna diski tatu za terabaiti 4 kila moja, zilizounganishwa kwa mtindo wa RAID 5. Humo mna video za harusi, picha za wazee waliotangulia mbele ya haki, darsa zilizorekodiwa na kazi za shule za watoto. Kwa mtindo huu, nafasi ya diski moja hutumika kwa kinga, hivyo katika terabaiti 12 tunabaki na 8. Diski moja ikifa, mbili zilizobaki hutosha kurudisha kila kitu.

Mwaka huu nafasi ilikwisha. Mwanangu anayesoma mambo ya kompyuta akaniambia, "Baba, tununue diski ya nne, tupanue." Nikamuuliza, "Ukishaichomeka, nafasi itaongezeka yenyewe?" Akacheka, akasema hapana. Hatua ni tatu:

1. Diski mpya huongezwa kwenye safu kwa programu ya mdadm, inayotumika kwenye Linux.

2. Safu hupangwa upya ili data na kinga yake zisambae kwenye diski zote nne. Kazi hii huchukua saa nyingi, na kwa diski kubwa yaweza kupita siku nzima.

3. Mfumo wa mafaili wenyewe hupanuliwa. Hapa wengi husahau, kisha hushangaa kuona safu ina terabaiti 12 lakini nafasi ya kutumia bado ni 8. Mfumo wa ext4 hupanuliwa kwa resize2fs, na wa XFS kwa xfs_growfs, bila kuzima kompyuta.

Naam, kazi yenyewe si ngumu. Lakini katika hatua ya pili diski za zamani husomwa na kuandikwa mwanzo hadi mwisho bila kupumzika, na iliyochoka huweza kufia hapo hapo. Ikifa moja, kinga ipo. Zikifa mbili, yote yamekwenda. Umeme ukikatika, kwa kawaida mdadm huendelea pale ilipoishia, lakini "kwa kawaida" si dhamana.

Wako wanaosema, "Sisi tuna RAID, tuko salama." Hapo ndipo ninapopingana nao. RAID hukinga kufa kwa diski. Haikingi mtoto aliyefuta folda kwa bahati mbaya, wala kirusi, wala mwizi anayebeba kompyuta nzima. Na haikingi maji. Sisi wa Kanama hatuhitaji mfano wa mbali. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika, na mafuriko na maporomoko ya usiku ule yaliua zaidi ya watu 130 nchini. Miaka miwili kabla, tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka upande wa Goma, na matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba Gisenyi. Katika misiba hiyo uhai wa watu ndio wa kwanza, na mali hutafutwa tena. Lakini picha pekee ya marehemu mama yako utaitafuta wapi? Diski nne zilizo ndani ya sanduku moja huzama pamoja.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: kama fedha ya nyumba inatosha diski moja tu, iwe ya nakala kwanza, nafasi baadaye. Wala si lazima inakili terabaiti zote 8. Katuni na filamu zinapatikana tena. Sisi tulikaa jioni tatu tukachambua, tukakuta visivyopatikana tena havifiki terabaiti 2. Kisha tukafuta yaliyojirudia, na nafasi ikapatikana bila kununua chochote cha kupanulia.

Nakala hiyo sasa iko kwa shangazi yao Kigali. Kila Idi tunapotembeleana diski huja, huongezwa mapya, na hurudi. Kabla haijaondoka tunafungua mafaili machache kuhakikisha yanasomeka, maana nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu.

Safu tutaipanua pia Inshaa Allaah, fedha ikipatikana. Wakati huo, hata mambo yakiharibika katikati, tutapoteza katuni.

Wazazi, kumbukumbu hizi ni amana ya watoto ambao bado hawajazaliwa. Wanafunzi, ninyi ndio wenye ujuzi: msiguse safu ya diski ya nyumbani kabla ya kuuliza, "Nakala iko wapi?"

Wabillaahi tawfiyq.