Meli Ilikufa, Waliobeba Je?

Nilipomwambia beshte yangu kwamba naandika juu ya meli, alicheka. Machakos na meli wapi na wapi? Maji yetu makubwa ni bwawa la Maruba, na hapo watu huenda kupiga picha tu.

Basi nisikilizeni. Nikiwa darasa la saba, basi la shule lilitutoa hapa usiku, tukafika Mombasa alfajiri, tukaingia Fort Jesus. Kulikuwa na mzinga mrefu wa chuma. Mwalimu akasema ulitoka kwa meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg. Tukaupapasa, tukapanga foleni ya picha, tukaenda kununua mabuyu. Hakuna aliyeuliza: mzinga wa meli ulizungukaje nchi kavu?

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. London wana meli nzima, HMS Belfast, ambayo ni makumbusho tangu 1971. Unapanda sitaha, unaona mabaharia walipolala na walipopika. Königsberg haikubahatika hivyo. Ilizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, pale Zanzibar Septemba 1914, ikajificha kwenye delta ya Rufiji, na tarehe 11 Julai 1915 ikaangamizwa. Wajerumani wakang'oa mizinga yake 10, wakaitengenezea magurudumu katika karakana ya reli Dar es Salaam, wakaendelea kupigana nayo bara.

Haya, ilivutwa na nani? Mbung'o waliwamaliza ng'ombe na farasi. Barabara hazikuwepo. Ilivutwa na Waafrika, kwa kamba na mabega. Na Waingereza waliokuwa wakiifukuza walikula unga uliobebwa vichwani na Waafrika wengine.

Hapo ndipo Machakos inaingia. John Ainsworth, aliyetawala Ukambani akiwa hapa Machakos miaka ya 1890, ndiye aliyepewa kazi ya kukusanya wapagazi mwaka 1917. Njia ya kuja kwetu aliijua vizuri. Majina ya Kariokor Nairobi na Kariakoo Dar yalitoka kwa jeshi hilo la wapagazi, Carrier Corps. Leo tunaenda Kariokor kununua viondo na kula nyama choma, hatuulizi.

Susu wangu alikuwa akisema kwamba ndugu wa baba yake aliondoka wakati huo na blanketi moja. Hakurudi. Kaburi hatuna. Kwa hesabu rasmi tu, wapagazi waliokufa upande wa Waingereza walipita 40,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, si kwa risasi.

Utaniambia, si kuna sanamu Kenyatta Avenue? Ndiyo, iko pale tangu 1928, na mpagazi yumo kati ya wale watatu. Maandishi yake yanaahidi kwamba ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Jina gani? Hakuna hata moja lililochongwa pale. Ahadi ni tamu, lakini orodha haipo.

Mwingine atasema: achana na mambo ya kale, vijana wanataka kazi. Sawa. Lakini wale wapagazi walikuwa akina nani kama si vijana? Hata leo kuna wakala anayemwahidi kijana kazi ng'ambo, na mama anabaki akingoja simu isiyokuja. Nchi iliyozoea kupoteza watu bila kuandika majina yao haitashtuka ikipoteza wengine. Hiyo ndiyo hofu yangu, wala si mapenzi ya vyuma vikuukuu.

Kwa hivyo sitaki mzinga uondolewe. Nataka tuache kuutembelea kama watoto wa darasa la saba. Ukisimama mbele ya chuma chochote cha makumbusho, baada ya kuambiwa nahodha alikuwa nani, uliza ni nani aliyekibeba. Ukija People's Park wikendi, pitia kwanza kwa nyanya yako, umuulize ni nani kwao aliondoka asirudi. Andika. Tukipata majina ya kutosha, tudai jiwe hapa mjini, na lichongwe majina, si sifa.

Jina la ndugu wa baba yake susu ninalo. Liko kwenye daftari langu, ukurasa wa kwanza. Kurasa zingine bado ni nyeupe.