Novela haifike Kashuga, wimbo wake unafika

Kashuga, kwenye barabara ya Mweso kwenda Pinga, umeme wa SNEL haufike. Novela inaonwa na mwenye plake ya jua na dekoda. Lakini wimbo wake unatoka simu hadi simu, mpaka kwenye kariyere. Tunaimba kiitikio, hadithi yenyewe hatuijue.

Hiyo si bahati, ni biashara. Mwaka 1994, Televisa ya Mexico ilitoa Marimar. Mwigizaji mkuu, Thalía, ndiye pia aliimba wimbo wa kufungulia. Mwaka 1995 akarudia vile vile katika María la del barrio. Kule Abidjan iliripotiwa kwamba misikiti fulani ilisogeza saa ya sala juu ya Marimar. Leo Novelas TV ya Canal+ inaleta hadithi kama hizo kwa Kifaransa. Mama asiyesikia Kifaransa anashika nini? Wimbo tu. Ni mfupi, unarudi kila siku saa ileile, basi unakaa kichwani.

Kitu kinachokaa hivyo kinaweza kubeba mambo yetu pia. La Benevolencija ilielewa hilo: Musekeweya kule Rwanda tangu 2004, na huku Kivu Kumbuka Kesho, mchezo wa redio kwa Kiswahili juu ya chuki na uvumi. Na redio inaomba betri tu.

Sisi tunaona haja iko kubwa. Tangu M23 ichukue Rubaya mwaka 2024, uvumi unakimbia kuliko motari. Mchimbaji anaacha shimo, mama anafunga mzigo, kumbe habari hakuna aliyeihakikisha.

Nani atalipa? Novela inalipwa na matangazo, na hakuna anayetangaza sabuni kwa mkimbizi. Michezo yetu inangojea wafadhili. Pesa ikikatika, hadithi inakatika katikati. Lakini Code minier ya 2018 inadai kampuni yenye kibali cha uchimbaji itoe angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Tunajua, maji na barabara vinatangulia. Ila mchezo wa redio hauombe barabara ili ufike Kashuga.

Wazazi, watoto wetu wanashika wimbo wa msichana wa Mexico kwa siku mbili. Wa mchimbaji aliyebaki chini ya udongo, nani atawafundisha?